Vyoo Sita Vilivyomngoja Mgeni

Mgeni rasmi, wazee wa mtaa, na ninyi maafisa mliokuja na viti vyenu:

MAKARIBISHO
Sisi wakazi wa kambi ya mafuriko hapa Riruta tunakukaribisha. Tumekungoja sana, mheshimiwa, kuliko unavyodhani.

HISTORIA
Mwezi wa nne mto ulibomoa ukuta ukaingia kwenye ploti zetu za kupanga. Kaya arobaini na moja tukahamia uwanja huu, chini ya maturubai. Choo hakikuwepo. Tulijisaidia kwenye mifuko, tukaitupa nyuma ya ukuta, karibu na tunapochota maji. Aibu hiyo ni yetu, hatuifichi.

MAFANIKIO
Vijana wetu walichimba mashimo bure, na tarehe tano mwezi huu vyoo sita vikakamilika. Ni vizuri kweli, hata rangi vimepakwa. Kisha vikatiwa kufuli, utepe mwekundu ukazungushwa, tukaambiwa havifunguliwi mpaka mgeni rasmi aje. Ulitarajiwa tarehe saba. Ukaahirisha. Ukaahirisha tena. Leo ni tarehe ishirini na sita.

CHANGAMOTO
Kipindupindu hakikuahirisha. Sisi tuliendelea na mifuko, na mvua ikairudisha kwenye maji yetu. Tarehe kumi na tisa Ndanu, binti wa Kasyoki, mtoto wa miaka sita, alianza kuharisha. Mamake alimbeba mpaka mlangoni pa choo, akamsihi mlinzi. Mlinzi huyo, Mzee Zedekiah, alilia mbele yetu: "Mama Ndanu, ufunguo uko ofisini, sina!" Mtoto akajichafua pale pale, watu wakitazama. Alisema anaona haya. Kesho yake alifia hospitalini.

Na jamani, kufuli lile ni la kuvunjwa kwa jiwe moja. Mawe yamejaa uwanjani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeokota. Tuliogopa kukuharibia sherehe.

OMBI
Tulishauriwa tuombe mabati na barabara. Hatuombi. Mkasi uliowekewa wewe tumempa Kasyoki, mamake Ndanu, yule mwenye leso ya kijani. Tunakuomba umshikie utepe, akate yeye. Kisha ufunguo ubaki hapa.

Mungu akufikishe nyumbani salama, ukute maji yanatoka.

Nimesoma mimi Joyline Nanjala, katibu, kwa niaba ya wakazi wote wa kambi, watu mia moja themanini na watatu. Risala ya kwanza tuliiandika kwa ajili ya tarehe saba. Hapo tulikuwa mia moja themanini na wanne.