Sista Jelimo na Dawa Iliyobeba Jina Lake

Nimemkosea Sista Jelimo, na naomba mnivumilie nianze na hiyo. Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996, anastaafu baada ya kutibu watu wa kinu chetu cha unga miaka ishirini na mbili, na wenzangu wamenichagua mimi, Kundu wa stoo, niandike sifa zake. Hawakujua wanampa fisi kazi ya kusifu mbuzi.

Alifika hapa Kitale 1974 kutoka Kapsokwony, na sindano zake na sauti ya kuita ng'ombe. Dispensari ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mizani. Yeye alimwita kila mtu "mtoto yangu", hata tajiri wetu Bwana Surinder. Siku ya sindano ya pepopunda, Bwana Surinder alikimbilia juu ya magunia ya mahindi. Sista akavua viatu, akapanda. "Mtoto yangu, hata ukifika dari nitakudunga!" Alidungwa hukohuko juu, na sisi chini tunapiga makofi.

Sasa, makosa yangu. Kwetu upande wa Bungoma, Januari ni ya kuosha tumbo. Umekula kuku na chapati za Krismasi, basi unakunywa kitu kikali utoe mwaka wa zamani. Januari ya 1987 nikajifanya daktari. Nilijua munyu, yale maji ya majivu mama zetu wanatia kidogo kwa kunde ilainike. Nikaona, kama inalainisha kunde ngumu, itashindwa na nyama? Nikachemsha ikawa nzito, nikaongeza sabuni ya mche na chumvi, nikaleta kazini kwa chupa. Watu wakasita. Ndio nikadanganya: "Si hata Sista ameikubali, bana!" Wakakunywa.

Rotich wa mizani ndiye alikunywa zaidi. Alienda choo mpaka akaanguka, midomo imechomeka, mwili umekauka. Sista alimshika mkono kwa lori mpaka hospitali, akimwimbia asilale. Alipona, na leo ndiye atagawa chapati za sherehe. Lakini ofisi ilipouliza nani aliruhusu hiyo dawa, kila mtu alisema ni Sista. Nilikuwa nimesimama hapo. Nikaangalia viatu vyangu.

Walimpeleka depo yetu ya Bungoma kushona magunia. Muuguzi mzima! Kazi hakuinunia. Alipanga magunia yakawa ukuta, nyuma yake akafungua kidispensari, na kina mama wa soko wakajaa. Aliwafundisha, "Tumbo si sufuria, haisuguliwi. Inajiosha yenyewe. Wewe kula mboga, kunywa maji. Ikikataa kabisa, kuja nikuone." Mwaka wa 1990 Bwana Surinder mwenyewe alimfuata akamrudisha, kwa sababu watu wa Kitale walikuwa wamekataa kudungwa na mtu mwingine.

Wiki jana nilimwambia ukweli. Alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe ni wewe, Kundu! Na mimi nimemnunia Jerono wa jikoni miaka yote hii, ati ni yeye alinisingizia!" Akamwita Jerono papo hapo, wakakumbatiana, wakaanza kunicheka wote wawili. "Ati daktari," Jerono akasema, "na kitambi yake hajaiosha!"

Halafu Sista akaacha kucheka. Akaniambia kule kwetu Sirisia, mahali nilipeleka chupa zingine na uongo uleule mwaka huo, bado wanauza hiyo kitu sokoni, na wanaiita "dawa ya Sista". Mwezi wa nne aliletewa mtoto amechomeka koo. "Pole yako nimeipokea, mtoto yangu. Lakini jina langu linaumiza watoto wa watu. Hiyo nayo utaipa pole gani?"

Sista, asante kwa mikono yako, kwa kelele yako, na kwa kila mmoja wetu uliyemfukuza na sindano. Shamba lako la Kapsokwony likupe mahindi mazuri na usingizi mtamu, na wajukuu wakuogope kidogo tu.

Na mimi nasema mbele ya wote: Jumamosi tarehe 6 Julai, soko ya Sirisia ikijaa, nitasimama katikati ya wauzaji niseme kwa mdomo yangu kwamba dawa hiyo niliitengeneza mimi, inachoma watu, na Sista Jelimo hakuikubali hata siku moja. Rotich amekubali twende pamoja, waone makovu kwa midomo yake.