Jino Likinyamaza: Bi. Johari Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuchungulia vinywa vya watoto, Bi. Johari Habib anastaafu tarehe 30 Juni. Wenzangu wa zahanati hii ya Mtongwe, huku Likoni, wanamuaga kwa bashasha. Mimi Taufiq, msaidizi wake, namuaga kwa hofu, na sioni sababu ya kuificha.

Alianzia kliniki moja ya Nyali. Huko watoto walikula peremende na aiskrimu zaidi kuliko wa kwetu, ila waliletwa kutazamwa meno kabla hayajauma. Alipohamia Likoni aliwakuta wa rika lile lile wakiletwa mashavu yamevimba, jino halifai tena ila kung'olewa. Jambo hilo lilimkera, na halijaacha kumkera mpaka leo.

Watoto humwita Mama Meno. Wakikutana naye sokoni humwamkia shikamoo huku wamebana midomo, asije akaona wekundu wa mabuyu ya sukari. Naye huitikia marahaba, akacheka, kisha akawapangia mama zao siku ya kuja.

Kilichobadilisha kazi yake ni kisa cha Babu, mtoto wa Mwidani, muuza viazi karai. Jino lilimliza Babu siku kadhaa, akatiwa karafuu, maumivu yakaisha. Mwidani akapita zahanati kutoa habari njema tu, mtoto kamwacha nyumbani. Bi. Johari aliiacha foleni ya wagonjwa akafuatana naye. Walimkuta Babu amelala mkekani, uvimbe umeshuka chini ya taya, anavuta pumzi kwa taabu. Jino lilikuwa limekufa, na usaha umeteremka shingoni. Walikimbilia hospitali kubwa kwa tuktuk, wakakwama kwenye foleni ya feri, Mwidani akimsomea mwanawe dua na Bi. Johari akiuinua ule uso mdogo apate hewa. Babu alipona.

Tangu hapo hakungoja mtoto alie. Aliingia chekechea na madrasa, akawakagua watoto mlangoni penye mwanga, akawapaka meno dawa ya kuyakinga, akawazoesha kupiga mswaki pamoja baada ya uji. Mashavu yaliyovimba yamepungua sana. Nami alinionya siku yangu ya kwanza: "Jino la mtoto likinyamaza lenyewe, mwanangu, usishukuru. Hapo ndipo uogope."

Basi naogopa. Mrithi wake hajateuliwa, nimeambiwa nishikilie kwa sasa, na ziko nyumba nyingi Likoni ambamo sasa hivi jino limenyamaza na mimi sina habari.

Ijumaa iliyopita, tukiwa kwenye chai na keki ya kumuaga, aliingia jirani yetu Jumwa. Alikuja kutuambia kwamba jino la mjukuu wake limeacha kuuma, Mungu ni mwema. Bi. Johari aliweka kikombe chini akainuka. Halafu akakaa tena, akanitazama mimi. Nilitoka mbio, Jumwa akinifuata nyuma na kuuliza kuna nini.

Mtoto tulimwahi, na anaendelea na dawa. Keki sikuionja.

Bi. Johari, asante kwa watoto wetu wote. Mola akujaalie afya, raha na usingizi wa mchana uliounyimwa miaka yote hii. Ila simu yako, tafadhali, usiizime.