Laurian Msengi, Mpiga Picha Aliyerudi Itigi

Tarehe 30 Juni 1976 Mzee Laurian Msengi anastaafu, baada ya kuitumikia idara yetu ya habari kwa miaka ishirini na mitano. Alianza Dodoma mwaka 1951 akisafisha picha, akahamia Singida mkoa wetu ulipoanzishwa. Tangu hapo hakijafunguliwa kisima wala zahanati bila yeye kusimama mbele ya wageni akiwaamuru wafunge vifungo.

Wageni hao hawajui kwamba mwaka 1966, huko Kinyangiri, alipiga picha uzinduzi mzima wa josho la ng'ombe kwa kamera isiyo na filamu. Alipogundua, hakubadilisha uso. Aliendelea kubonyeza mpaka hotuba ikaisha, kisha akamwomba mgeni rasmi akate utepe tena, kwa ajili ya kumbukumbu. Mgeni akakata.

Lakini kazi tunayomheshimu zaidi ilianza kwa kosa, na ni yeye mwenyewe aliyetaka liandikwe humu.

Mwaka 1973 familia kumi na nne za wakimbizi kutoka Burundi zilishuka kwenye treni Itigi. Ziliwekwa katika bohari karibu na stesheni, zikisubiri kupelekwa kijiji cha ujamaa cha jirani. Mzee Msengi alimpiga picha mwanamke aliyeketi chini, nguo zimejaa vumbi, mkono ameunyoosha. Gazeti moja liliichapa kubwa na kuandika chini yake: "Wanaomba chakula."

Gazeti lilifika kijijini kabla ya wakimbizi. Mvua zilikuwa chache mwaka ule, na mkutano wa kijiji ukasema hautaki ombaomba. Familia zikaingia wiki ya tatu boharini, watoto wakikohoa.

Mzee Msengi alirudi kupiga picha nyingine. Yule mwanamke, Bibi Martina, alimpa shikamoo, kisha akamwonyesha gazeti.

"Mzee, mkono huu ulikuwa unarudisha kikombe. Mama mmoja wa hapa alinipa maji, nikanywa, nikamrudishia. Sikuomba kitu."

Mzee anasema aliona aibu. Aliifunga kamera, akaketi, akauliza ambalo hakuuliza mara ya kwanza: wao ni akina nani?

Bibi Martina alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka kumi na mmoja. Jirani yake alikuwa fundi mwashi, mwingine mkunga. Mmoja alikuwa muuza vitambaa ambaye hajawahi kushika jembe, na alikiri hivyo bila kuulizwa. Baba mmoja alikataa kupigwa picha hadi ajue mkewe yuko wapi. Mzee alimwacha. Wengine aliwapiga wakiwa wamenawa, kila mtu amekaa alivyotaka mwenyewe.

Gazeti lilizikataa picha hizo, eti hazina habari. Basi akazisafisha kubwa na kuzipeleka mwenyewe mkutanoni. Mwenyekiti, Mzee Stefano, aliitazama ya Bibi Martina kwa muda mrefu, akauliza kama kweli ndiye yule yule. Mzee Msengi akasimama mbele ya kijiji kizima akasema kosa ni lake. Ndipo Bibi Cecilia, muuza uji wa stesheni, akainuka.

"Kikombe ni changu. Alinirudishia, na ahsante juu."

Watu walicheka, na wakimbizi wakakubaliwa, ingawa kwa tofauti ya kura chache. Hatutadanganya: msimu wa kwanza kulikuwa na ugomvi wa mashamba, na muuza vitambaa aliondoka akatafute mji. Hata hivyo familia kumi na tatu ziko pale mpaka leo, na darasa la elimu ya watu wazima la kijiji hicho linafundishwa na Bibi Martina.

Mzee wetu anakwenda Mwankoko kulima vitunguu pamoja na Bibi Theresia, mkewe, anayelalamika kwamba hajapigwa picha tangu harusi yao. Tunaomba lalamiko hilo lishughulikiwe mapema.

Mzee Msengi, ahsante kwa kutufundisha kumuuliza mtu habari zake kabla ya kumwandika. Mungu akupe afya, mvua za kutosha, na miaka mingi ya raha nyumbani kwako.

Leah Alphonce, karani, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako