Vihtori Kangasluoma (1896–1961) na Ukweli Aliotaka Usomwe

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka mbali mkiwa na mashada yenu: mtu tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 18 Februari 1961, wapo waliompenda hapa na wapo waliomwogopa. Familia inawashukuru wote kwa kuja katika baridi hii.

Vihtori alizaliwa tarehe 14 Machi 1896 hapa Luomankylä, Pohjanmaa ya Kusini, mtoto wa kwanza wa Juho na Amanda Kangasluoma. Alisoma shule ya kijiji, kisha miaka miwili katika shule ya kilimo. Alipenda kusoma magazeti kwa sauti mezani, na baba akimwambia anyamaze uji unapoa, alisoma kwa sauti zaidi.

Mwaka 1916, nchi yetu ikiwa bado chini ya mfalme wa Urusi, alivuka bahari iliyoganda, akiteleza kwa mbao za theluji usiku na mchana, akaenda Ujerumani kujifunza uaskari. Alirudi mwaka 1918 na kupigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vidole viwili vya mguu wa kushoto viliganda na kukatwa. Habari za vita hivyo hakuwahi kuzisimulia nyumbani.

Alifunga ndoa na Saima Perttula tarehe 24 Juni 1922. Walijaliwa watoto wawili, Kaarina na Aarno.

Kazi iliyomtangaza ni siasa. Alitaka Ufini iwe ya Wafini, lugha iwe moja, na wajamaa wanyamazishwe. Oktoba 1930 alichaguliwa mbunge, akakaa Helsinki miaka sita. Alikuwa na sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti. Wengi walimwita mkombozi. Wengine walivuka barabara wasikutane naye. Mwaka 1944 chama chake kilipopigwa marufuku, alirudi kwenye ng'ombe wake.

Kabla ya uchaguzi ule wa 1930, wakati wa kiangazi, wanaume wa mkoa huu waliwakamata wajamaa majumbani mwao, wakawapakia kwenye magari na kuwapeleka kwenye mpaka wa mashariki ili waingie Urusi. Wazee mnakumbuka. Kutoka Luomankylä alichukuliwa mtu mmoja, fundi viatu Oskari Rintala. Hakurudi. Vihtori alisema mikutanoni kwamba yeye hakuwapo, na kwamba Oskari alivuka mpaka kwa hiari yake, akiimba. Kwa hiyo mke wa Oskari, Hilma, akahesabiwa mwanamke aliyeachwa. Watoto wa shule walimwimbia hivyo njiani.

Vihtori hakuwa mtu wa kuomba radhi. Kila vuli aliweka nusu gunia la unga wa mkate mweusi kwenye ngazi za Hilma, bila kugonga mlango. Kila vuli Hilma alilibeba gunia lile, akavuka nalo daraja na kuliweka kwenye jukwaa letu la madumu ya maziwa. Mwenye gari la maziwa aliwahi kuuliza, "Huu unga unasafiri kuliko mimi. Hamwezi kuzungumza?" Hawakuzungumza.

Walizungumza mara moja tu. Aprili 1943 watu walimwona mchungaji akitembea barabarani amevaa joho, kama alivyovaa anapoleta habari ya kifo vitani, na kila nyumba ilisubiri kuona atakata kona kwenye lango lipi. Alikata kona kwenye lango letu. Aarno alikuwa ameuawa mstari wa mbele akiwa na miaka kumi na tisa. Jeshi lilimleta nyumbani, kama lilivyowaleta wenzake, akazikwa hapa, safu ya tatu. Siku ile ya mazishi Hilma alisimama karibu na Vihtori, akamwambia, "Wako wamekuletea. Una mahali pa kusimama." Akaondoka. Tangu hapo Vihtori hakuhutubia tena kwa sauti ile, ingawa chama hakukiacha.

Saratani ya tumbo iligunduliwa Septemba mwaka jana. Mnamo tarehe 20 Januari, akiwa hospitalini, alimwita mdogo wake Eelis, anayewasomea haya.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Usipambe. Utasoma kaburini."

"Kaka, mimi hata kanisani naimba kwa kunong'ona. Mpe Kaarina."

"Kaarina atalia. Wewe utatetemeka tu. Andika."

Haya ndiyo aliyoyasema:

"Tarehe 12 Julai 1930 nilikuwapo. Mimi ndiye niliyempakia Oskari garini. Alikuwa amevaa aproni ya kazi. Mpakani alikataa kuvuka. Alisema, 'Vihtori, nina viatu vya watu mezani, na Hilma ameweka viazi motoni.' Nikamjibu, 'Vitaliwa na mwingine.' Nikampiga kwa kitako cha bunduki mara mbili. Alivuka akiwa ameshika kichwa. Hakuimba. Ule wimbo niliutunga mimi, nikaurudia kwa sababu watu waliupenda. Hakumwacha mkewe. Nilimtoa mimi."

Siku alipofariki, Alhamisi tarehe 9 Februari, alfajiri, Saima alikuwa ameshika mkono wake. Baadaye wenzake wa zamani wa chama walifika nyumbani kuomba maneno haya yasisomwe. "Mnamvua nguo akiwa ndani ya jeneza," alisema mmoja. Saima alimmiminia kahawa, akamjibu, "Kunywa, kisha uende. Nimelala na uongo huo miaka thelathini, wewe umelala nao siku ngapi?"

Kama ilivyo desturi ya kijiji, Eelis alipita nyumba kwa nyumba kualika watu mazishini. Nyumba ya Hilma hatukuwa tumeialika kwa jambo lolote tangu 1930.

"Utasoma kwa sauti," Hilma aliuliza, "au utayatafuna maneno kama kawaida yako?"

"Nitasoma kwa sauti, Bi Hilma."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote. Na yatachapwa kwenye karatasi."

"Basi nipe karatasi mbili. Moja ni ya kuweka kabatini."

Marehemu ameacha mjane wake Saima, binti yake Kaarina na mumewe, wajukuu watatu, na mdogo wake Eelis.

Oskari Rintala hakuwahi kuandikiwa karatasi ya mazishi, kwa hiyo anaandikwa kwenye hii: alizaliwa tarehe 2 Novemba 1889, fundi viatu wa Luomankylä, mume wa Hilma. Alitolewa nyumbani kwake kwa nguvu. Siku na mahali alipofia hatuvijui. Kesho kanisani jina lake litasomwa na kengele itapigwa kwa ajili yake.

Mungu amlaze Vihtori kwa rehema. Na mtu yeyote asigeuke kuangalia kama Hilma amesema amina.