Babu Asiyeitika Marahaba

Msururu wa wachota maji chini ya mteremko wa Newala haukusogea, wala Pili, aliyesimama na mtungi mtupu, hakutamani usogee. Mbele yake mama mmoja wa Mnyambe alikuwa akigombana na mpagazi aliyetua mzigo ili anywe.

"Mume wangu mchongaji," alisema mama. "Barazani ndipo anapofanyia kazi, watu wapite waone, wachague. Sasa jumbe ameamuru wapagazi wa Mdachi walale hapohapo. Tukikataa, mume wangu atabebeshwa mizigo kama nyinyi. Tukikubali, hachongi. Juzi mmoja wenu kapasulia kuni tezo la mume wangu la kuchongea! Na mwingine kanuna, eti babu wa nyumba hii ana kiburi."

"Babu yupi?" aliuliza Pili, ingawa hakuna aliyemwita.

"Sanamu la mpingo! Kaliamkia shikamoo siku tatu, halikuitika."

Pili alicheka. Mpagazi hakucheka.

"Ningejuaje, mama? Limekaa kitako na ndevu zake, nikajua ndiye mwenye nyumba."

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi, na leo tunalala kwenu tena, tuko tisa. Liondoeni basi, tupate pa kunyoosha miguu."

"Babu wa watu alale nje kwa ajili yako?"

"Haya! Wewe mwenyewe umemwita babu."

Mama alifungua mdomo, lakini zamu yake ilikuwa imefika. Akashuka kisimani na kata yake.