Jeremiah Anajifunza Kumwona Risper

Sokoni Ndhiwa, mbele ya kibanda cha Bonface kinyozi, kuna benchi linalobeba watu wanne na maneno ya watu arobaini. Bonface huitwa Spika, kwa sababu hanyamazi hata akiwa na wembe shingoni mwa mtu. Elkanah, fundi wa simu, ni Satelaiti. Millicent muuza kahawa hana jina la utani, maana yeye ndiye anayewapa wengine. Na Jeremiah, aliyezaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, huitwa Masikio: alikuwa akimjua mtu kwa nyayo kabla hajafika. Mwezi uliopita, akiwa tayari mtu mzima mwenye mke, alifanyiwa upasuaji. Bandeji zikatoka, mwanga ukaingia. Lakini asubuhi hiyo alikuwa benchini, anakunywa kahawa huku amefumba macho.

— Omera, ndugu yangu, fumbua! Spika akafoka. Macho mapya unayaweka kama viti vya wageni?

— Nikifumbua namwaga kahawa. Sijui kikombe kiko karibu ama mbali.

Akakipapasa kikombe, akakiweka chini.

— Jana nimepishana na Risper hapa sokoni. Nikaona rangi ya manjano inatembea, nikaipisha. Mke wangu! Mpaka leo hanisemeshi.

Benchi likaguna.

— Hiyo ni lenzi uliyowekwa machoni, Spika akasema. Wamekuwekea kichwa chini. Unamwona Risper miguu juu, utamjuaje?

— Wacha hizo, Satelaiti akadakia. Hii ni kama tivi. Dishi iko, waya iko, chaneli ndio hazijatafutwa. Azime kichwa, awashe tena.

— Kichwa kinazimwa wapi? Jeremiah akauliza.

— Hapo ndio sijafika.

— Kwani daktari alisemaje? Millicent akauliza.

— Alisema macho ni mazima. Ila ubongo hujifunza kuona utotoni, mtoto akitazama mama yake, kuku, kijiko, kila siku. Wangu haukupata cha kutazama. Sasa utajifunza mos mos, polepole, na mengine huenda usiyashike kabisa.

— Basi nimeelewa, Millicent akasema. Chumba cha macho kilikaa kitupu, masikio yakahamia. Sasa mwenyewe amerudi na godoro lake, mpangaji hataki kutoka.

Spika akaruka juu.

— Tumfukuze!

Kabla Jeremiah hajakataa, pamba ya kinyozi ilikuwa imeshindiliwa masikioni mwake. Soko lote likazimika. Akafumbua macho. Doa la kahawia likainuka, likatembea, naye akafurahi: mbwa! Mbwa akalala, akawa doa tena. Kisha rangi ya samawati ikaja, ikasimama mbele yake. Jeremiah akasogea kwa adabu.

— Karibu, mama. Keti.

Benchi zima likashika kichwa. Risper akainama, akamchomoa pamba sikio moja, kisha la pili.

— Mama nani?

Jeremiah akaitambua sauti.

— Risper, nisamehe. Si madharau. Uso wako bado siujui.

Risper akawageukia wale wengine.

— Nyinyi mmeniona tangu niolewe. Hebu mwambieni, niko aje?

— Uko... sawa tu, Spika akasema. Uko na pua.

— Pua ya aina gani?

Spika akamwangalia Satelaiti. Satelaiti akakohoa. Millicent akaanza kusugua birika ambalo halikuwa chafu.

Risper akaketi, akamshika mumewe kidevu.

— Basi angalia mwenyewe.

Jeremiah akaangalia. Macho aliyapata kwanza, kwa sababu yalikuwa yanapepesa. Akateremka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi asiyoijua. Ghafla akainua mkono, akapunga mbele ya shavu la Risper.

— Inzi.

— Si inzi. Ni alama, nimezaliwa nayo.

— Uso huu nimeushika miaka yote, haikuwa hapo.

— Ilikuwa. Vidole havioni rangi.

Spika akasogeza shingo, akakodoa.

— Kwani hiyo kitu imekuwa hapo siku zote?

Risper akaangua kicheko. Uso wote ukavurugika, macho yakapotea, weupe ukachomoza chini. Jeremiah akashtuka, akamshika bega.

— Ngoja, usicheke kwanza! Ukicheka unageuka mtu mwingine, na huyu wa kwanza bado sijammaliza.