Papa Habumugisha na Barua ya Dola Mia Mbili Hamsini

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, Papa Habumugisha Viateur anafunga miaka ishirini na saba ya kazi katika shirika letu la Mshikamano wa Familia, katika biro, yaani ofisi, ya Walikale. Aliingia Juni 1997 akiwa mbeba magunia ya mbegu. Anatoka akiwa mkuu wa uandikishaji wa familia, na sisi sote tulipoingia tulimkuta hapa.

Nimeombwa niandike maneno haya kwa sababu meza yangu na yake zimetazamana miaka tisa. Kwa kawaida katika jarida letu tunamsifu anayeondoka, tunasahau mengine, tunakula. Yeye mwenyewe ndiye aliyekataa. Alikuja mezani kwangu akasema, "Aurélie, ile mambo ya barua uiandike. Ukiiacha, batu batafikiri nilikuwa malaika, na miye niko Habumugisha tu." Basi nitaiandika, ingawa mpaka leo sijaielewa vizuri.

Kwanza kazi yake. Papa Habu, kama tunavyomwita, alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, kwa wazazi wakulima wa maharagwe na muhogo. Alishuka Walikale na mkewe, Mama Umurerwa, wakiwa na sufuria mbili na jembe moja. Aliyembadilisha kutoka mbeba magunia kuwa mwandishi ni mkuu wa zamani, aliyegundua kwamba kijana huyu alikuwa anakumbuka kwa kichwa majina ya familia zote alizozipelekea mbegu. Alipopewa kalamu, aliandika herufi ndogo kama mchwa. Wenzetu wa ofisi kuu ya Goma walituma barua mara mbili kuuliza kama biro ya Walikale imeishiwa wino.

Mwaka 2006 alikwenda kwa miguu mpaka mgodi wa Bisie, wakati ule ukichimbwa kwa mikono. Alitembea msituni siku mbili, akiwapisha njiani wanaume waliokuwa wakishuka na mizigo ya madini mgongoni, ili aandike familia zilizokuwa zikiishi kule juu bila hata zahanati. Alirudi bila viatu, matope yalivimeza, lakini orodha zilikuwa kavu chini ya shati.

Kule Mubi, mwaka uliofuata, familia moja ilipokea mbegu za maharagwe asubuhi na kuzipika mchana. Wakubwa walitaka ripoti kali. Papa Habu aliandika: "Mbegu zimepandwa tumboni. Zimeota siku hiyohiyo." Mkuu alicheka mpaka akaweka sahihi bila kutoa adhabu, na familia ile ikapewa mbegu nyingine.

Sasa barua.

Tangu mapigano ya Masisi yaanze kusukuma watu mpaka kwetu, shirika linaipatia kila familia iliyoandikishwa dola hamsini kwa mwezi kwa njia ya simu. Wafadhili waliweka sharti: familia yenye akiba inayozidi dola mia mbili inatoka kwenye orodha. Kama ilipokea msaada baada ya kupita kiasi hicho, inarudisha. Kwenye karatasi sharti hilo linaonekana safi kama maji ya mtungi.

Mama Uwamwezi ni mjane aliyekimbia Masisi na mabinti zake watatu. Alikodi chumba karibu na barabara ya kwenda Mubi, akaanza kuwapikia madereva wa malori ugali na sombe, majani ya muhogo. Kila Jumapili baada ya ibada aliweka kitu kidogo katika sanduku la akiba la kina mama wa kanisa lake. Alikuwa anatafuta bei ya mabati, kwa sababu nyumba yake kule kilimani ilibaki kuta tupu.

Oktoba mwaka jana alikuja biro mwenyewe, bila kuitwa. Akamwambia Papa Habu kwamba akiba yake imefika dola mia mbili na sitini, na kwamba amesikia kuna kipimo. Katika miaka yangu tisa sijaona mtu mwingine aliyekuja kusema hivyo. Papa Habu alijaza fomu ya kumtoa kwenye orodha, ile inayopelekwa Goma, Mama akatia dole gumba, wakapeana mkono. Mwezi uliofuata dola hamsini zikaingia tena katika simu yake. Zikaingia Desemba, Januari, Februari na Machi.

Mwezi wa Aprili nilipewa kazi ya kulinganisha orodha yetu na vitabu vya akiba vya makanisa. Nikaliona jina la Uwamwezi, nikahesabu miezi mitano aliyopokea akiwa juu ya kipimo, nikamtoa kwenye orodha, nikaandika barua ya kudai dola mia mbili hamsini. Niliiandika kwa Kifaransa, na chini nikaongeza mistari mitatu ya Kiswahili ambayo, nikiisoma leo, mimi mwenyewe sijui inasema nini. Nikaweka sahihi. Sikumwuliza mtu.

Papa Habu ndiye aliyeipeleka, nami nikamfuata. Tulimkuta Mama Uwamwezi akisonga ugali. Papa Habu akasoma barua mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, na mara ya tatu akaanza kuisoma polepole kama mtu anayetafuta njia gizani. Mama akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Papa, mi sielewe," akasema. "Nilikuja kwenu, nikasema niko na makuta, ile feza ya akiba. Mukaandika. Kisha mukaendelea kunitumia. Leo njo munasema niko na deni?"

"Barua njo inasema vile, Mama."

"Na weye unasema nini?"

Papa Habu akanitazama. Mimi nikaitazama barua.

"Sasa ngoja," Mama akaendelea. "Leo niko na mia tatu na kumi mu sanduku. Nikitoa mia mbili hamsini, ninabakia na makumi sita. Makumi sita iko chini ya kipimo chenu?"

"Iko chini."

"Basi mutanirudisha ku liste? Mutaanza tena kunipatia hamsini?"

Papa Habu akavua kofia, akaivaa tena. Mwishowe akasema, "Mama, hata miye sielewe." Dereva mmoja aliyekuwa akingoja chakula alicheka, lakini Mama hakucheka. Ugali ulikuwa umeanza kuungua, na hakuna aliyeugeuza.

Tulipofika biro Papa Habu akanigeukia: "Yule mama alisema ukweli mbele yangu. Goma walipoteza fomu, na weye ukaandika barua bila kuuliza. Nitaonyesha kopi."

Akaanza kutafuta. Alitafuta siku mbili, akafungua kabati, makasha, mafaili ya miaka ambayo sisi wengine tulikuwa hatujaanza kazi. Alikuwa akiongea peke yake, mara akisema aliituma Jumatatu, mara akisema Alhamisi. Siku ya tatu nilimwona amekaa sakafuni, mbele yake faili ya orodha za mbegu, mkononi karatasi moja. Haikuwa kopi. Ilikuwa fomu yenyewe, yenye dole gumba la Mama Uwamwezi na herufi za mchwa za Papa Habu: tarehe 14 Oktoba. Wiki ile barabara ya Masisi ilifungwa na mapigano, kifurushi cha kwenda Goma hakikuondoka, naye akaihifadhi fomu mahali pakavu. Barua zilipoanza tena kusafiri kwa ndege ndogo, alikuwa ameisahau.

Angeweza kuichana. Tulikuwa wawili tu chumbani, na mimi sijui ningefanya nini kama angeniomba ninyamaze. Miezi miwili tu ilikuwa imebaki apumzike. Hakuniomba kitu. Aliinuka, akafuta suruali, akaingia nayo katika mkutano wa wafanyakazi uliokuwa ukianza.

"Bandugu," akasema akiwa amesimama, "kosa si ya Goma, na si ya Mama. Ni yangu. Karatasi njo hii."

Mkuu wetu, Papa Nsengimana, aliichukua karatasi akaisoma. Alimheshimu Papa Habu kama kaka mkubwa. Akauliza kama kuna sharti linalosema kosa likiwa la biro, familia isidaiwe. Nikapekua kitabu cha masharti ukurasa kwa ukurasa. Halikuwamo. Kilichokuwamo ni kwamba fedha zirudi kwa wafadhili kabla ya mwisho wa Mei.

"Basi mukate mu malipo yangu ya mwisho," Papa Habu akasema. "Yote."

Mkutano ukachafuka. Wengine walisema si haki mzee atoke mikono mitupu kwa karatasi moja kati ya maelfu. Wengine walisema si haki mjane alipe. Mmoja aliuliza kama ni haki yeyote kulipa fedha zile. Kila aliyezungumza nilimwona ana ukweli, na kila mara aliyefuata naye alikuwa nao. Tukatoka bila uamuzi.

Habari haikai Walikale bila miguu. Kesho yake Mama Uwamwezi aliingia biro, fedha zimefungwa katika pindo la kitenge. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Papa, nimesikia unataka kulipa juu yangu. Hapana. Nisikilizeni. Mwezi wa kwanza nilifikiri karatasi haijafika. Mwezi wa pili nikafikiri mumenihurumia. Mwezi wa tatu nilijua. Nilijua kama ile makuta haiko yangu, na nikanyamaza, juu bei ya mabati ilikuwa inakaribia kutimia. Miezi tatu njo yangu. Ile mbili ya kwanza, mutaangalia kwenu."

Akahesabu dola mia moja na hamsini juu ya meza yangu. Papa Habu alitaka kumzuia, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Alikuwa analia bila kujificha. Akasema tu, "Ile mbili niko nayo miye, Mama." Na ndivyo ilivyokwenda: dola mia moja zikakatwa katika malipo yake ya mwisho. Mimi niliyeandika barua bila kuuliza, niliandika risiti mbili. Sikulipa kitu, wala hakuna aliyenidai. Hilo nalo naliweka hapa, kwa sababu aliyeniagiza kuandika alitaka yote.

Je, tulifanya haki? Nimejiuliza mara nyingi. Nikianza kwa Mama nafika mahali, nikianza kwa Papa Habu nafika pengine, nikianza kwa kitabu cha masharti sifiki popote. Ninachojua ni kilichofuata. Papa Habu alidai kwamba yeyote anayekuja kutangaza akiba yake apewe karatasi yenye tarehe na mhuri palepale, abaki nayo nyumbani, na kwamba barua ya kudai isitoke kabla mtu hajaulizwa. Goma walikubali. Biro yetu ilianza tarehe mosi Juni.

Tarehe kumi Juni Mama Uwamwezi alirudi. Akiba yake ilikuwa imebaki dola mia moja na sitini, na kwa kipimo kilekile cha wafadhili alikuwa na haki ya kuandikwa upya. Papa Habu alijaza fomu mwenyewe, akampa karatasi yenye mhuri. Mama akaigeuza mkononi, akaitazama pande zote mbili.

"Sasa, Papa, uniambie ukweli. Kila Jumapili, niendelee kuweka ao niache?"

Miaka ishirini na saba watu wamekuja mezani kwake na maswali, na hapo mezani hujibu upesi. Safari hii aliweka kalamu chini.

"Weka, Mama," akasema. "Uweke mpaka mabati itoke. Siku utapita kipimo, ukuje utuambie, na utuombe karatasi."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu barua ile, akaenda kuwahi madereva wake.

Papa Habumugisha, wewe na Mama Umurerwa mnaelekea shamba lenu la muhogo, na Mungu akipenda, siku moja mtapanda tena vilima vya Masisi kwa amani. Sisi tunaobaki na fomu hizi tunakushukuru kwa majina uliyoyakumbuka na kwa karatasi moja ambayo hukuichana. Pumzika vizuri, kula vizuri, uone wajukuu. Na tukikupigia simu kwa sababu hatuelewi, tafadhali pokea.

Aurélie Mapendo
Biro ya Walikale